Jua Lilikuwa la Machi

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, sasa acha nilitoe: siku ile jua lilipopatwa, mimi sikujua kwamba lingepatwa. Wanaonifahamu wamesikia kisa cha mama wa Edmonton, kule kaskazini mwa London, aliyekipanga kikao cha familia kiangukie saa ileile, ili mwanawe awafundishe wakubwa, na kila kiliposimuliwa nilikuwa nainamisha macho kama mtu mnyenyekevu na kuomba niongezewe chai. Uongo mtupu. London nzima ilijua, redio hazikuwa na habari nyingine, kwenye basi watu walikuwa na miwani ya karatasi mifukoni, na mimi mwenye shahada ya uzamili ya mipango (mipango, jamani) sikuwa na habari kwa sababu nilikuwa napanga.

Nilikuwa napanga mwaka wa masomo wa Sekela. Alikuwa na miaka minane, na shuleni alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kufungua kinywa, si kwa mwalimu wala kwa watoto wenzake, ingawa nyumbani alisema mpaka unamwomba apumzike. Nikaamua nimsomeshe mwenyewe, jambo ambalo sheria ya Uingereza inaliruhusu lakini ukoo wa mume wangu haukuwahi kulisikia. Shemeji Ambilikile, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na dawa yake: mtoto apelekwe Tukuyu kwa bibi yake, aingie bweni, baada ya miaka michache atakuwa amenyooka. Mume wangu, mtu wa amani, akasema tuitishe kikao. Nionyeshe mpango wangu, shemeji akiridhika mtoto abaki, asiporidhika tukate tiketi. Nikakubali, kwa sababu sisi hata kuku akiugua tunaitisha kikao, tunachagua mwenyekiti na tunapika pilau.

Basi nikanunua karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, nikaunganisha vipande mpaka ikawa na ukubwa wa shuka, nikaandika Septemba hadi Julai kwa kalamu za rangi: Misri ya kale Oktoba, hesabu za sehemu Novemba, jua, mwezi na sayari Machi. Nilipanga hata kushangaa. Kila Ijumaa mchana, nusu saa, niliandika kwa zambarau: MSHANGAO.

Tatizo likawa pa kuubandika mpango huo. Mwenye nyumba alikataza kubandika kitu ukutani, kwa hiyo nikaubandika kwenye dirisha la sebuleni, lile pana linaloangalia maegesho ya magari na kupata jua la asubuhi. Uamuzi mdogo tu. Jioni ya kuamkia kikao Sekela akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, kesho nalihitaji hilo dirisha," alisema kwa Kiingereza (Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukijibu ilikuwa kama kumwambia avae viatu vya mtu mwingine). "Jua litaliwa."

"Jua ni Machi, mwanangu," nikamjibu bila kugeuka.

Asubuhi shemeji akafika na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akaketi katikati kama mwenyekiti, akilikabili dirisha. Pembeni yake alikaa Mama Njoki, jirani yetu Mkenya, tuliyemfanya katibu kwa sababu alikuwa na kalamu. Nami nikasimama na mwiko wa kuonyeshea.

"Ndugu mwenyekiti," nikaanza, "katika mpango huu hakuna jambo litakalotushtukiza."

Nilipofika Oktoba chumba kilikuwa kinafifia.

"Shemeji, Novemba siioni," akasema mwenyekiti.

"Ni mawingu tu. Baba Sekela, washa taa."

"Nimeshawasha," akasema mume wangu.

"Hii si mawingu," akasema Mama Njoki. "Mawingu ya London nayajua kwa majina. Hii ni kitu ingine."

Mwanga ulikuwa kama wa magharibi lakini bila wekundu wake, mwanga wa baridi, na njiwa wa paani wakanyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza pia. Mimi nikapaza sauti nikaingia Desemba.

Ndipo Sekela akainuka, akachukua uma kwenye meza ya pilau, akapita chini ya mkono wangu na kuuchoma mpango.

"Sekela, umetoboa Machi," nikasema.

Hakuna aliyenisikiliza. Kifuani kwa shemeji vilikuwa vimetua vijua vinne, vyembamba, vimepinda kama mwezi mwandamo, vimepangana kama vifungo. Akajipangusa. Havikutoka. Akajipangusa kwa leso, vikahamia kwenye leso.

"Baba mkubwa, usitazame juu, utaumia macho," akasema Sekela. "Tazama shati. Hilo ndilo jua, mwezi umepita mbele yake." Na hakukomea hapo, yule mtoto wa kimya aliendelea, kwa Kiingereza, bila haraka, akieleza jinsi tundu dogo linavyobeba picha ya kitu kikubwa kuliko dunia, huku akimsukuma shemeji bega arudi nyuma ili vijua vikue. Na shemeji, mzoefu wa kuamuru, akarudi nyuma.

"Mbona viko vinne?" akauliza. (Sijawahi kumsikia akimuuliza mtoto kitu asichokijua mwenyewe.)

"Uma una meno manne."

Shemeji akanyoosha mkono. "Nipe huo uma."

Akatoboa Septemba. Mama Njoki akachomoa pini ya nywele akatoboa Mei. Vijua vikatapakaa kwenye makochi, kwenye pilau, kwenye upara wa mume wangu. Nikapanda kiti niiokoe Juni, selotepu ikaachia, mwaka mzima ukanishukia kichwani, na nilipojitoa nikajikuta juu ya kiti kwenye dirisha tupu, mwiko mkononi, uso kwa uso na majirani wote wa jengo letu waliojaa maegeshoni na miwani yao. Mzee mmoja akaninyooshea kidole cha kuelekea juu, taratibu, kama unavyomwelekeza mtu aliyepotea njia.

"Mama," Sekela akasema kwa upole, "irudishe."

Nikairudisha, mimi nimeshika upande huu na mume wangu upande ule, mikono juu, na kupitia matundu ya kazi yangu jua likaingia tena vipande vipande. Tangu siku ile sijathubutu kuupangia mshangao saa yake.

Lakini neno la mwisho katika ukoo ule ni la Bibi wa Tukuyu, mwalimu mstaafu. Shemeji akakwangua kadi ya simu, akapiga. Bibi huamini Uingereza ni mbali, hivyo hupaza sauti, na sote tukamsikia.

"Mama, mpango umetobolewa, lakini—"

"Mpe mtoto."

Mikono yangu ilikuwa inawaka na sikuweza kuiachia karatasi. Sekela akaishika simu kwa mikono miwili. Nililiona bweni, nikaliona sanduku.

"Bibi," akasema, na kilikuwa Kiswahili, kinachechemea lakini kinatembea, "jua yetu imeliwa. Sasa inarudi pole pole."

Tukasikia mlango wa Tukuyu ukifunguliwa, ndara zikienda, ndara zikirudi.

"Huku ni zima," akasema Bibi. "Ambilikile, unanisikia? Jua la huku ni zima. Sasa mnamleta aje kuangalia nini?"

Shemeji akalitazama shati lake.

"Hakuna, Mama," akasema.