Chura wa Chini ya Mtungi

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua koki ya bomba, tone la maji ya kiyoyozi likanidondokea kwenye upara. Nikatazama juu: ghorofa sita. Pale niliposimama, rafiki yangu, zamani palikuwa ua wa bibi yangu.

Uani palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa juu ya matofali, na chini yake, penye ubichi, aliishi chura. Bibi hakuruhusu afukuzwe. Kila asubuhi akimaliza kuchota, kata ya mwisho aliimwaga pale chini. "Huyu mpangaji wangu," alisema, "na halalamiki kama nyie."

Mwalimu wa sayansi alipotuagiza kiumbe hai, nilimtia chura huyo kwenye kopo la maziwa. Nilimkirimu: matundu ya hewa kwa msumari, wali wa nazi, kitambaa kikavu cha kulalia. Darasani nikaliweka kopo dirishani, juani, asije akaona baridi. Zamu yangu ilipofika, chura alikuwa amekauka kama soli ya kiatu. Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Kiumbe umeleta," alisema. "Makazi yake umeyaacha nyumbani."

Bibi alininunia siku mbili. "Chura umemlisha wali? Haya, na wewe leo utakula nzi."

Nikasoma somo hilohilo hadi chuo kikuu, na nikafaulu vizuri tu. Nilipojenga nje ya mji, niliwashawishi wajomba tuuze nyumba ile ya bibi, nikamhamishia bibi kwangu: feni, godoro nene, geti la chuma. Kariakoo alikuwa akikaa barazani na sinia la vitumbua, shikamoo zikimjia kutoka kila upande, naye akiitikia marahaba huku akizozana na muuza mkaa. Kwangu alikaa akitazama ukuta.

"Nirudishe, baba," aliniambia. "Huku hata wa kugombana naye hakuna."

Nikadhani ni uzee. Nikamnunulia televisheni. Hakumaliza mwaka.

"Shikamoo mzee, umedondosha kitu?" kijana wa dukani aliniuliza juzi, maana nilikuwa nimeinama nachungulia kidimbwi kilichotuama juu ya saruji.

"Marahaba. Hapana," nikamjibu, nikalipia koki yangu.

Maji bado yanadondoka palepale. Wa kuishi chini yake ndiye hayupo.