Nilivyokwenda Sengerema Kutibu Simu ya Shangazi

Niliondoka Mwanza kwa sababu programu niliyomwekea shangazi yangu ilikuwa inakaribia kuvunja ndoa ya binti yake. Ni ile ya kusema, simu ikaandika yenyewe. Shangazi alitaka kuwaambia wakwe kwamba ukumbi wa sherehe ni mdogo. Wao wakasoma: "Mahari haitoshi, tafuteni nyingine." Wakajibu: "Basi nanyi tafuteni mkwe mwingine."

Saa moja asubuhi nilifunga kibanda changu cha simu Kirumba, nikawasha pikipiki. Njiani nilijipa moyo: nitazima, nitawasha, yataisha.

Busisi. Enzi za kivuko ningepata muda wa kutunga visingizio vitatu. Siku hizi daraja linakuvusha ukiwa bado kwenye cha kwanza.

Sengerema, saa nne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Simu yako ina wazimu!"

Bibi harusi mwenyewe, Neema, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa jikoni, macho mekundu, wala si kwa moshi. Roho iliniuma.

Nikazima, nikawasha. Nikaiondoa programu, nikaipakua upya.

"Haya sema, shangazi."

"Mahari haitoshi." Ikaandika *mahari*. "Umeona? Mimi nasema mahari, mahari pa kukaa watu, yenyewe inaandika mahari!"

Nikaichukua, nikasema mimi, fundi. *Mahari*. Nikarudia kwa ukali. *Mahari*. Neema akatoka na mwiko mkononi, akatamka mara moja: "Mahali." Ikaandika *mahali*.

Kumbe simu ilikuwa nzima. Wabovu tulikuwa mimi na shangazi, ambao l na r zimetushinda tangu utotoni.

"Mama, mpigie uongee naye," Neema akasema.

Shangazi akampigia mzee Bwire, baba wa bwana harusi, akafungulia spika. "Mzee, mimi nirisema mahari, siyo mahari!"

Nikashika kichwa.

"Ahaa, mahari!" mzee akajibu. "Sasa mbona uriandika mahari?"

Neema akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka tena.

Jioni nilirudi Kirumba nimeshiba samaki na aibu. Nimejifunza kwamba fundi amsikilize mwenye simu kabla ya kuigusa simu. Watu wetu husikia unachokusudia. Simu husikia ulichotamka. Programu ile niliiondoa kwa shangazi. Nilipofika nyumbani, kimyakimya, nikaiondoa na kwangu.