Mabuti ya Muteba

Tata Kyungu alikuwa na muguu moja, na hadisi za ule muguu wa pili zilikuwa mingi kupita miguu ya jongoo. Kwa padri alisema ni bomu ya kutegwa chini. Kwa batoto alisema ni mamba ya Lualaba, kule chini ya ule ukuta wa mayi, barrage ya Nzilo: mamba ile ilimupigia magoti, «Tata, niazime kidogo tu,» na mpaka leo haijarudisha. Kwa bibi yake, Mama Yolande, hakusema kitu, juu Mama Yolande njo alimuosha kile kidonda. Mi nilikuwa jirani yao, seng'enge tu kati yetu, pale mu cité ya Kolwezi ku njia ya Mutoshi, na kati ya hadisi zote nilichagua ile ya mamba.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mbabula, majiko ya makaa. Alikata mapipa ya zamani, akagonga, akatoboa matundu, na bamama ya mutaa muzima balipika bukari, ule ugali wetu, juu ya mbabula zake. Kutoka asubuhi: ko! ko! ko! Jogoo za kwetu ziliacha kuwika, zilijua hakuna mutu wa kuzisikia.

Mbele ya kuanza mbabula alikuwa soda, askari wa jeshi. Basoda ya zamani ya parokia yetu balikuwa na chama chao, mukubwa wao Tata Polycarpe, ule mwenye sikio moja lilikufa kwa mizinga. Kila soda aliyerudi mu maisha ya raia, balimupatia parrain, sawa vile mutoto anapata parrain, musimamizi wake, siku ya ubatizo: mutu aliyetangulia kurudi, wa kumushika mukono. Desturi ilikuwa hivi. Mupya anavua mabuti mbele ya bote, anampa parrain wake, anatoka pale na kandambili. Parrain anatundika mabuti chini ya paa ya nyumba yake. Mvua ya mwaka ikipita, na ule mutu hajapiga mutu, hajanyang'anya mama wa soko, hajakimbia, parrain anashusha yale mabuti, anajaza udongo, anapanda mboga ya lengalenga ndani na kuyaweka ku mulango wa mwenyewe. Imeisha. Si soda tena. Lakini mutu akiomba mabuti yake siku ile haijafika, na akapewa, basi parrain ameshindwa.

Tata Kyungu alikuwa amekwisha kushindwa, na mutu moja aliyeitwa Henri. Alimurudishia mabuti juu ya kuona machozi yake, Henri akaenda nayo, na hatukusikia tena hata kikohozi chake. Njo maana siku chama kilimupa soda mupya, Muteba, Tata Kyungu alitundika yale mabuti na waya, akazungusha, akazungusha, mpaka Mama Yolande akamuuliza kama anafunga mabuti ao mwizi.

Muteba alikuwa mwana wa Mama Kabedi, muuza makayabu, samaki ya chumvi. Nkambo zao, babu na bibi ya zamani, baliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mine, machimbo ya shaba, zamani ya Babeleji. Lakini yeye alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, na pua yake ilivunjikia hapa, chini ya mupera wangu, juu ya wizi. Akaenda ku jeshi. Kiisha jeshi likaoza, mishahara ikaisha, kila soda akajitafutia njia, na Muteba akarudi kwa mama yake mukonda kama waya ya baiskeli.

Hakuwa mubaya. Alikuwa anaogopa. Mufuniko wa sufuria ukianguka, yeye chini, tumbo ku udongo, hata mbele ya mulango wa kanisa. Alilala chini ya kitanda. Siku moja pera lilianguka juu ya mabati yangu: Muteba aliruka seng'enge, akapita Mutoshi, akafika Kisenge, safari ya siku mingi, akarudi na jasho, na pera lilikuwa lingali linabingirika.

Sasa ule mutu njo balimupa parrain wa kugonga mabati! Mi nilisema: bazee hawa bamekunywa. Lakini Tata Kyungu alimutia nyundo mu mukono.

«Gonga.»

«Parrain, hii sauti inaniingia mu mifupa.»

«Inakuingia juu ni ya mutu mwingine. Ya kwako, utajua inakuja wakati gani. Gonga, mwana.»

Aligonga akilia. Machozi yake yaliingia mu mbabula ile, na mama aliyeinunua alilalamika mwaka muzima kwamba bukari yake ina chumvi. Lakini kidogo kidogo mukono ukazoea, sikio likafuata mukono. Akaanza kulala juu ya kitanda kama batu.

Soko njo ilikuwa ngumu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mama moja, akasema «Leta!», akachukua nyanya, akaenda. Tata Kyungu akamufuata na mukongojo wake, akamurudisha kwa kola ya shati.

«Anza tena. Huyu ni nani?»

«Mama mwenye nyanya.»

«Na mama mwenye nyanya, tunamwambiaka nini?»

«Jambo, mama.»

«Na kiisha?»

«Batoto beko namna gani?»

«Na kiisha?»

Mama mwenyewe akakata maneno: «Tata Kyungu, na kiisha alipe! Hii soda yako ataniuliza mpaka habari ya shangazi yangu, nyanya zitaoza.»

Muteba akacheka. Mama Kabedi alikuwa pale na makayabu yake, akasikia ule mucheko, akajificha uso ku kitenge. Toka pale tulianza kungoja mvua iishe. Tata Kyungu alikuwa anaangalia mawingu kama mutu anangojea mugeni atoke mu nyumba yake.

Lakini mvua ilikuwa kati bado wakati maneno yalibadilika. Mashini ya mine zilikuwa zinalala moja moja, kazi inakufa, na bakubwa ya siasa bakaanza kusema kwamba inakufa juu ya batu ya Kasai, barudi kwao. Bijana bakapita mulango kwa mulango. Batu tuliochota nao mayi ku robinet moja, leo baliitwa bilulu, kama badudu.

Balifika kwa Mama Kabedi. Muteba alikuwa kwa Tata Kyungu, anatoboa matundu. Bakamufuata pale. Tata Kyungu akasimama ku mulango wa lupango, ule ua wa nyumba yake.

«Tata, wewe ni mutu wetu,» moja akamuambia. «Toka pale.»

«Huyu ni mwana wangu.»

«Mwana wako? Kumbe mama yake ni bibi yako wa pili! Mama Yolande anajua?»

Mama Yolande akatokea na mwiko: «Mi najua yote! Wewe, meno yako ya utoto mi njo niliyatupa juu ya paa. Yalinuka!»

Benzake bakamucheka. Tungefikiri imeishia pale, kwa mucheko. Lakini ule kijana akaona haya, akapiga teke mbabula zilizopangwa pembeni, zote zikaanguka mara moja, sauti kama nyumba inabomoka. Na Muteba akalala chini, tumbo ku udongo, mikono juu ya kichwa, mbele yao bote.

«Hii njo soda?» bakasema. Bakaenda bakicheka. «Mukiwa hapa Jumapili, tutachoma.»

Tata Kyungu akakaa chini pembeni yake, akaweka mukono ku mugongo wake, akabaki hivyo.

Akaenda kwa chama. Nusu ya bazee hawakuja. Tata Polycarpe akainamisha kichwa.

«Kyungu, mi nina sikio moja tu nzima, na hata hii haitaki kusikia. Tufanye nini? Tuko bazee ya kandambili.»

«Tuseme ni mwana wa dada yangu. Tumupe jina ya kwetu.»

Muteba alikuwa nyuma yake. «Na mama yangu? Yeye mutamuita nani?»

Polycarpe alianza kukohoa, na hata kile kikohozi hakikuwa cha kweli.

Basi, bakaenda ku gare, kituo cha treni, mama na mwana, na batu bengine wengi kama mchanga. Balikaa pale chini ya mashuka na mabati, bakingojea treni ya Kasai. Treni haikuja. Kuku moja ilitaga kati ya reli, ikalalia, ikaangua; vifaranga vikakua vikataga nabyo; treni bado. Lakini batoto balikufa pale kwa kuhara, na hiyo si hadisi.

Tata Kyungu alienda kila siku na mukongojo, nyundo mu kiuno. Bakagonga pamoja mbabula kwa bamama ya pale. Batu ya mutaa bakaanza kumutemea mate nyuma. Yeye alisema tu parrain anaendaka mahali mutoto wake eko. Lakini Muteba alikuwa anarudi nyuma. Alilala chini ya vagon moja, behewa bovu la zamani. Nyundo ikabaki mu mukono wake bila kuanguka juu ya bati.

«Parrain,» akamuambia siku moja, «nipatie mabuti yangu.»

«Ngoja mvua iishe.»

«Kandambili zimekatika. Angalia miguu. Kule tunaenda sijafika hata siku moja, na batu banasema kutoka treni ni kutembea. Nipatie.»

«Henri naye alisema hivi.»

«Mi siko Henri!»

Mama Kabedi akaingia kati, sauti ya chini: «Tata Kyungu, desturi yenu ni muzuri. Lakini itamuvalisha miguu?»

Tata Kyungu akageuza mukongojo. Alirudi nyumbani bila kusalimia mutu, hata mi.

Siku habari ilifika kwamba treni imeingia, nilimuona Tata Kyungu, ng'ambo ya seng'enge, anafungua ile waya. Akashusha mabuti. Akajaza udongo, akang'oa lengalenga changa za Mama Yolande, akapanda.

«Tata Kyungu,» nikamuambia, «mvua haijaisha.»

«Kwangu imeisha.»

Hakuna mutu wa chama aliyefanya vile tangu zamani. Alitaka kumupa mutoto mabuti yake bila kushindwa. Akayatundika ku shingo kwa kamba zake, juu mukono moja ulikuwa wa mukongojo, na lengalenga zikatikisika huku na huku ya uso wake kama masikio ya mbuzi. Nikamufuata. Mvua ikatupiga njia yote.

Vagon ilijaa mpaka milango haifungi. Muteba na mama yake balikuwa ku kingo. Mama moja akapiga kelele: «Weye tata! Hapa batoto banakaliana ku vichwa, unatuletea shamba?» Vagon nzima ikacheka, kicheko kibaya, cha batu waliochoka.

Muteba akapokea. Akaangalia ndani.

«Umepanda.»

«Nimepanda. Imeisha, mwana. Wewe ni raia. Ukifika kule useme hivyo.»

Pale pale treni ikavuta. Vagon zikagongana, ko! ko! ko! mpaka nyuma. Muteba akashituka muzima, lakini hakulala chini. Labda alikuwa amepona. Labda hapakuwa tu na mafasi ya kuanguka.

Kiisha akageuza buti moja, polepole, kama mutu anamwaga mayi ya mutoto. Udongo ukaanguka ku mawe ya reli, na lengalenga ndani yake. Akavaa. Akageuza la pili, akavaa. Hakuangalia juu.

Treni ilikuwa inaenda polepole bado. Tata Kyungu akaifuata, anarukaruka na ule muguu wake.

«Muteba! Usikaze kamba sana! Zikikauka zitakukata!»

«Unasema nini, Parrain?»

«Kamba! Usikaze!»

Mama Kabedi akainua mukono. Sijui kama balisikia.

Jumapili, Tata Polycarpe alimuuliza mbele ya bote: «Basi, Kyungu. Amemaliza, ao umeshindwa?» Tata Kyungu akaangalia mukongojo wake. Mi nilikuwa ku mulango, na kwa mara ya kwanza nilimuona hana hadisi.

Kiisha mvua ingine, chama kikamuletea mupya, mutu mukimya wa upande wa Kisenge. Akainama, akavua buti ya kwanza, akamunyooshea kwa mikono miwili.

«Vaa, mwana,» Tata Kyungu akamuambia. «Kwanza tuone kama batakuacha ukae.»

Ule mutu akabaki amesimama pale katikati yetu, buti moja ku muguu, ingine mu mukono, anaangalia uso moja, anaangalia ingine.