Ndago za Jangwani na Sambusa za Shangazi

Kazi yangu hapa Toronto ni kubandika majani makavu kwenye karatasi. Msicheke. Ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na wiki ile mkataba wangu ulikuwa ukingoni, bosi hajasema kama nabaki au naondoka. Basi nikawa na adabu kupita kiasi, hata mlango naufunga kwa ncha za vidole.

Tulikuwa tumepokea bunda la ndago mwitu, mimea inayofanana na nyasi, kutoka milima ya jangwani, zilizochumwa kwenye ufa wa mwamba unaovuja maji. Kila mmea umelazwa ndani ya gazeti pamoja na kumbukumbu zake: mlima gani, nani kachuma, udongo wa namna gani. Kadibodi juu na chini, kamba katikati, kisha jokofuni ili wadudu wafe. Mtaalamu alikuwa anasafiri kuja kuziona, maana kutoka mlima ule hatuna nyingine.

Sasa shangazi yangu wa Mississauga naye hugandisha sambusa hivyo hivyo! Anazilaza bapa ndani ya gazeti, kadibodi juu na chini, anafunga kamba. Alinipa nimpelekee mama, aliyekuja kunitembelea. Friji ya wafanyakazi ilijaa, nikazitia kwenye jokofu la mimea. Jioni nikachomoa bunda bila kulitazama, huyoo, basi la Don Mills hadi nyumbani, nikamkabidhi mama.

Asubuhi bosi akafungua bunda mbele ya yule mtaalamu mgeni. Sambusa! Mgeni akavaa miwani. Mimi nikakimbilia koridoni kupiga simu nyumbani.

"Mama, shikamoo, lile bunda..."

"Marahaba. Tena usinitajie! Wifi yangu ana dharau. Namwomba sambusa, ananiletea nyasi!"

"Ziko wapi?"

"Mezani. Nilidhani mchaichai, nikabandika maji, lakini nimevunja kipande nikanusa, wapi! Sasa hivi nampigia anieleze."

"Usimpigie! Na majini usizitie! Panda teksi uje nazo, zilaze, usizikunje!"

Nikarudi nikamweleza bosi kila kitu. Akamvutia mgeni kiti, akamwomba radhi, mimi hata kunitazama hakunitazama. Afadhali angenifokea, jamani. Nilishaanza kujiona natafuta kazi ya kufagia theluji, na huku kicheko kinanipanda kooni, nakimeza, kinapanda tena.

Mama akafika, kitenge kinachungulia chini ya koti langu, bunda kalibeba kwa mikono miwili kama sinia la pilau la harusi. Akamwambia bosi kwa Kiswahili kitupu, "Pole mwanangu, kosa ni la wifi." Kisha akafungua leso na kumkabidhi kile kipande alichokivunja.

Mgeni alipitia gazeti moja moja. Zote zilikuwa nzima, isipokuwa ile moja aliyoivunja mama. Kile kipande akakitia kwenye bahasha ndogo akaiweka na mmea wake, ndivyo tunavyofanya kwa kila kilichokatika. Hapo bosi akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alipopata pumzi akaniambia nisiliguse tena lile jokofu, na mchana nipite ofisini kwake nikasaini mkataba mpya.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema nabaki kazini."

Mama akapiga kigelegele humo humo, kwenye chumba ambacho hata kukohoa tunaombana radhi, na mimi nikampokea kwa kigelegele changu.