Nyongeza ya Baba

Baba alikuwa amestaafu ubunge, akarudi Miteja kwenye nyumba yetu ya bati. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nimekuja likizo, katika ile miaka ambayo duka la kijiji lilibaki na chumvi na mwenye duka. Watu walifulia majani ya mpapai. Kwetu sabuni ilikuwepo.

Habari ilitoka redioni mchana: pensheni za wabunge na viongozi wastaafu zimeongezwa. Mama aliinuka akapunguza sauti. Haikusaidia kitu, maana redio ya jirani ilikuwa barazani kwake na watu wameizunguka.

Kesho yake kisimani wanawake walisogeza ndoo zao nilipotua yangu.

"Mpisheni mtoto wa ndugu mbunge achote," mmoja akasema. "Sisi kufunga mikanda tumeshazoea."

Maneno ya kufunga mikanda yalikuwa ya baba. Ndiye aliyezunguka vitongojini kuwashawishi watu waache mashamba yao wahamie kijiji cha ujamaa. Huyo jirani mwenye redio, rafiki yake wa tangu jandoni, alikuwa wa kwanza kukubali. Mikorosho yake aliiacha mbali, pori likaimeza. Hata siku moja sikumsikia akilalamika.

Wiki haikuisha, jirani yule akafariki. Bafta ya kumvika sanda haikupatikana. Walitafuta mpaka mjini Masoko wakarudi mikono mitupu. Sisi tulikuwa nayo jora zima kabatini. Baba aliitoa Dar es Salaam, kwenye duka la wakubwa.

Mama alinikabidhi jora lile. "Mpe mjane mkononi. Usiongeze neno."

Nilimkuta mjane ameketi mkekani. Pembeni yake dada wa marehemu alikuwa akiunga kwa sindano kanzu mbili kuukuu na shuka ziwe sanda, vyote vimefuliwa vikabaki na rangi ya maji ya chai. Niliwaamkia, wakaitikia. Nikaliweka jora mbele yao.

"Tumeshapata," dada wa marehemu akasema bila kuinua macho.

"Lakini shangazi, hii mpya."

Sindano ikasimama. Hata sasa, nikilikumbuka neno langu lile, masikio huniwaka moto.

"Ndugu yangu hakuzoea vipya," akasema.

Mjane akanishika mkono. "Rudi nayo nyumbani, mwanangu. Wewe sina kinyongo nawe."

Nililibeba jora kifuani, nikapita mbele ya wanaume wote waliokaa uwanjani. Baba alikuwa miongoni mwao. Aliliona, akatazama chini.

Siku ya khitima, baada ya dua, mdogo wa marehemu alimuuliza baba mbele za watu. Sisi tuliokuwa uani tunapakua chakula tulisikia kila kitu.

"Mzee, hiyo nyongeza utaikataa?"

"Sikuiamua mimi," baba akajibu. "Na nikiikataa peke yangu, nchi itapona?"

"Nchi haitapona. Lakini sisi tungejua uko upande gani."

Baba aliinuka. Alivaa viatu vyake, akaaga, akaenda zake nyumbani.

Nyongeza aliipokea. Likizo ilipokwisha nilipewa nauli na viatu vipya, na ile bafta mama akaishona shuka mbili za bwenini. Ningeweza kusema sizitaki. Sikusema. Niliitaka shule, na viatu nilivitaka. Wenzangu walizisifu shuka zangu kwa weupe, nami nikazilalia mpaka zikatoboka.

Nimejiambia mara nyingi kwamba mtoto hula kilichopakuliwa. Ni kweli, lakini mimi nilishajua kimetoka wapi, na nilikula nikashiba.

Likizo zilizofuata nilikuwa nikizunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mlangoni kwa mjane. Siku moja nikakutana naye njiani, ana mzigo wa kuni kichwani. Pa kujificha hapakuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa! Masomo yanakwendaje?"

"Yanakwenda vizuri."

Akacheka kwa furaha ya kweli, kuni zikatikisika kichwani. "Soma, mwanangu. Soma sana. Baba yako msalimie."

Nilitaka kumpokea mzigo. Akakataa, akasema nitachafua gauni. Nikasimama pale njiani mpaka alipopotea kwenye kona, nikitamani angenitukana.