Mahali Nyasi Zinapokufa

Jambo la kwanza unaloliona kwa Aubin Fournol ni magoti ya suruali yake: yamechakaa na kukolea udongo, hata siku ya Jumapili. Maisha yake yote ya kazi alikuwa tarishi wa barua wa kijiji cha Puylasserre. Siku hizi hutembea kidogo na kupiga magoti sana, chini ya mialoni aliyoipanda nyuma ya nyumba alipostaafu.

Aliipanda kwa ajili ya uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi, mizizini, ambao kule huthaminiwa kuliko nyama ya sikukuu. Lakini uyoga huo hauna haraka, na mkahawani walimcheka.

"Bwana Posta, uyoga wako utaupokelea makaburini," alisema Ginoux, mwenye mkahawa.

"Sawa, mradi wewe uwe umetangulia kunifungulia lango," Aubin alijibu, akamalizia divai yake.

Kisha, kiangazi kimoja, nyasi zikaanza kufa kuzunguka mwaloni mmoja, duara safi kana kwamba pamepita moto. Aubin alimwita mkewe, Mauricette, wakaitazama ardhi ile tupu kama wazazi wanaotazama jino la kwanza la mtoto. Uyoga ukishika chini, nyasi hufa juu.

Mwaka uliofuata, binti yao Solange alihamia kwao na mumewe Loïc, kijana wa pwani. Loïc aliona upara ule akauonea mti huruma. Wazee walipokwenda sokoni, akamwaga samadi ya kondoo, akamwagilia mpaka pakatota.

Aubin aliporudi aliinama, akachota samadi kiganjani.

"Baba, nilidhani mti unaumwa."

"Ulikuwa mzima kuliko mimi na wewe. Hiyo samadi inaua uyoga, mwanangu."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuiondoe. Kwa mikono, jembe litakata mizizi."

Wakapiga magoti wote wawili, wakawa wanakwangua. Mauricette akachungulia dirishani.

"Mnasali au mmepoteza pete? Supu inapoa."

Loïc aliangua kicheko, na Aubin, aliyekusudia kununa mpaka jioni, akashindwa.

Hata hivyo nyasi zilichipua, kijani cha kukera. Kila asubuhi Aubin alikwenda kuzitazama, akijua kwamba huenda miaka yote ile imekwenda na maji. Agosti zikaanza kunyauka pembeni. Majani ya mialoni yalipogeuka rangi, duara lilikuwa limerudi, pana kuliko la awali.

Sasa ni Januari, umande umeganda mashambani. Bibi Sabatier, jirani yao, ameahidi kumleta mbwa wake wa kunusa uyoga uliofichika ardhini, ambaye pua yake haijapata kudanganya, kesho baada ya misa.

"Na asiponusa kitu, Baba?" Loïc ameuliza.

"Tutamwalika tena mwakani."

Amesema hivyo kwa utulivu, lakini tangu asubuhi ameshafagia njia ya kwenda mialoni mara mbili. Ginoux naye ametuma mtu kuuliza mbwa anafika saa ngapi hasa, maana kesho anafunga mkahawa.