Beji Isiyo na Jina

Kila mwaka kampuni yetu ya mawakili huandaa shindano la kujibu maswali ya sheria kwa akili bandia ili ipate vijana wa kuajiri, na karani wa maktaba ndiye anayegawa beji. Huzipanga mezani, huzinyoosha, kisha huzinyoosha tena. Mwaka huu binti mmoja alimwonyesha jibu alilopewa na kompyuta.

“Mama, limekaa sawa?”

Alilisoma huku midomo ikimcheza. “Kesi hii ya pili haipo, mwanangu, kompyuta imeibuni. Vitabu vya hukumu za mwaka huo nimevipanga mimi.”

Binti akaifuta, akashinda, akapata kazi. Ukumbi ulipobaki mtupu nilimkuta karani mbele ya mlango wa kioo, amejibandika beji isiyo na jina, akisema kwa sauti ya chini, “Mheshimiwa Jaji…” Aliponiona akaibandua.

“Hivi mwakani bado mtataka walio chini ya miaka thelathini?”